Joto la Asubuhi

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Jumatatu ya tarehe 7 Oktoba 2024, Niyonshuti alikohoa mara nne kwenye ngazi kabla hajaufikia mlango wa ofisi. Pulchérie alimsikia kutoka juu. Alikuwa amesimama mlangoni na kipimajoto mkononi, kile kinachoshikwa kama bastola na kuelekezwa kwenye paji la uso. Alisubiri kikohozi kiishe, ndipo akapima. Kilisoma 36.4. Aliiandika namba hiyo kwenye daftari mbele ya jina la kijana, akamwonyesha ndoo ya kunawia mikono, akampisha.

Daftari lilikuwa bado jipya. Mwishoni mwa Septemba homa ya Marburg ilikuwa imetangazwa nchini Rwanda, na kabla ya hapo mpox ilikuwa imeshatajwa sana mpakani, hivyo kila ofisi ya Gisenyi iliyojiheshimu iliweka ndoo yenye bomba, sabuni, na mtu wa kupima joto. Katika ofisi hii ndogo ya kutoa mizigo forodhani, vyumba viwili vya ghorofani upande wa Nengo, mtu huyo alikuwa Pulchérie mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi, na kwa sababu hakumwamini mwingine kuandika namba bila kuikadiria. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Masisi, upande wa Kongo, akasoma Goma, akafundisha kemia miaka tisa kabla ya kuvuka kuja upande huu na kuingia kazi ya forodha. Kilichopimwa alikiamini. Kisichopimwa aliwaachia wenye muda wa kubishana.

Waliopimwa kila asubuhi walikuwa watano, yeye mwenyewe akiwemo. Niyonshuti, miaka ishirini na tisa, ndiye pekee mwenye leseni ya kuwasilisha hati kwenye mfumo wa forodha. Kila lori la unga, saruji au mafuta ya kupikia lililoelekea Goma kwa jina la ofisi hiyo lilipita kwa kode yake, namba yake ya siri ya mfumo, na asipokuwepo, malori yalilala. Jean de Dieu, ambaye wote walimwita Jado, alitunza majalada. Alikulia Ngara, na Kiswahili chake cha Tanzania kiliwafanya wenzake wamtanie kwamba anaongea kama redio. Bahizi alifagia na kukimbiza karatasi mpakani. Wa tano alikuwa Mutesi, aliyepokea wateja.

Mutesi alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Pulchérie. Alimlea tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Mwezi Mei Mutesi alijifungua mtoto wa kiume, Igor, na katika familia ile, ambayo vita viliipunguza mara mbili, hakukuwa na mjukuu mwingine. Pulchérie hakuwa mtu wa kubembeleza watoto, lakini picha ya Igor ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuonekana simu yake ilipowashwa.

Mutesi aliporudi kazini, saa yake ya kunyonyesha ilimlazimu kupanda pikipiki hadi Mbugangari na kurudi, na mara nyingi saa ile moja ilizaa nusu nyingine. Pulchérie ndiye aliyelitatua jambo hilo. Alisema yaya amlete mtoto ofisini mara mbili kwa siku, saa nne na saa tisa, kwa ngazi za nyuma, moja kwa moja hadi chumba cha ndani. Ngazi za nyuma, kwa sababu mwenye kampuni, mzee Gakwaya aliyeishi Kigali, hakutaka watoto waonekane na wateja. Chumba cha ndani, kwa sababu kulikuwa na joto na utulivu. Humo ndimo ilimokuwa meza ya Niyonshuti.

Joto la chumba kile lilikuwa na sababu yake. Madirisha yalitazama ziwa, na kuanzia saa tano upepo wa Kivu huingia bila hodi. Mwaka uliotangulia upepo huo ulibeba ukurasa wa tatu wa orodha ya mizigo hadi barabarani, chini ya matairi, na lori likakaa mpakani siku mbili. Tangu hapo Pulchérie alitoa amri kwamba madirisha yafungwe, na yakafungwa.

Kikohozi kilikaa. Wiki ya kwanza Niyonshuti alisema ni vumbi la volkano, maana alikuwa amevuka Goma mara tatu na kule barabara ni majivu matupu. Wiki ya pili alisema ni baridi. Alikuwa na chupa ya dawa ya maji ya kikohozi kwenye droo, na alikunywa kwa kifuniko, akigeukia ukutani.

"Bwana mdogo," Jado alimwambia siku moja, "hicho kikohozi kinakuzidi cheo. Kinafika ofisini kabla yako. Itabidi tukiandikie mkataba, wewe tukurudishe nyumbani."

"We Jado, kwanza ulize kama kiko na leseni," Niyonshuti alijibu, na wote wakacheka, hata yeye, mpaka kicheko kikageuka kuwa kile kile walichokuwa wakikicheka.

Lakini ni Jado huyo huyo aliyeanza kukitenga kikombe cha Niyonshuti. Alikiwekea alama ya rangi ya kucha chini, akakihamishia rafu ya juu, na Bahizi akaagizwa akioshe mwisho, kwa maji ya Jik. Niyonshuti aliona alama ile, akaendelea kunywea kikombe hicho. Kwa kikombe kile, na ndoo ya mlangoni, na kipimajoto, watu wa ofisi walijihisi wamejikinga. Madirisha yaliendelea kufungwa saa tano.

Pulchérie aliijua kanuni. Imebandikwa kwenye kila kituo cha afya, kwa Kinyarwanda na kwa picha: kikohozi kikizidi wiki mbili, mtu akapimwe. Tarehe 21 Oktoba wiki mbili zilitimia, kwa hesabu yake mwenyewe. Alimpigia Gakwaya. Gakwaya aliuliza malori mangapi yako njiani, akajibiwa kumi na moja. Akauliza nani mwingine ana kode, akajibiwa hakuna. Kisha akauliza joto la kijana ni ngapi. Pulchérie alifungua daftari akamsomea namba za siku kumi na moja. Ya juu kabisa ilikuwa 36.7.

"Bon," alisema Gakwaya. "Basi hana homa. Mtu bila homa anafanya kazi."

Pulchérie aliona hoja hiyo ina kasoro, ila hakuweza kusema iko wapi. Alimwita Niyonshuti pembeni, akamwambia aende kupimwa siku malori yatakapopungua. Niyonshuti aliinama kidogo kwa heshima, akasema atakwenda. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Malori hayakupungua. Mwanzoni mwa Novemba Pulchérie aliingia chumba cha ndani saa tisa na nusu alasiri kuchukua hati, akamkuta Niyonshuti amevaa koti la mvua juu ya sweta, paji la uso likimeta kwa jasho. Kando yake, kwenye kiti cha wageni, Mutesi alikuwa anamfunga Igor mgongoni mwa yaya. Mtoto alikuwa ameshiba na macho yake yalikuwa yanafumba. Pulchérie aliona jasho, aliona koti. Kipimajoto kilikuwa kwenye droo ya mlangoni, hatua saba kutoka pale. Kupima kulikuwa kazi ya asubuhi.

Tarehe 18 Novemba, saa tatu na dakika arobaini, Niyonshuti alikohoa kwenye karatasi ya tishu, akaitazama, akaikunja haraka. Jado alikuwa amesimama mbele yake na jalada mkononi. Hakutania. Alienda kwa Pulchérie akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna damu, ukubwa wa sarafu. Dakika kumi baadaye Niyonshuti alikuwa juu ya pikipiki akielekea kituo cha afya, barakoa usoni, na Pulchérie alikuwa anawaandikia wenye malori kumi na manne kwamba kuna ucheleweshaji.

Majibu ya makohozi yalitoka kesho yake. Kifua kikuu, kile ambacho nyumbani wanakiita igituntu. Dawa zilikuwa zinafaa, za miezi sita, bila malipo.

Tarehe 20 asubuhi muuguzi wa kituo aliyesimamia kifua kikuu alifika ofisini. Jina lake lilikuwa Drocella, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na mkoba wa karatasi. Pulchérie alielekeza kipimajoto kwenye paji lake kabla hajamsalimu. Drocella aliruhusu apimwe, kisha akaomba kuliona daftari, akalipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Munapimaka saa ngapi?"

"Saa mbili kamili, wakiingia. Kila siku."

"Homa ya igituntu inapandaka mangaribi, Mama. Asubuhi inakuwa imelala. Hii daftari yote iko kweli, lakini mulipima saa yenye haina kitu."

Pulchérie, aliyewahi kuwafundisha watoto kwamba kipimo bila saa yake si kipimo, alilichukua daftari akalifunga.

Drocella aliingia chumba cha ndani, na kabla ya kukaa alikwenda dirishani akalivuta. Lilikuwa limekwama, Bahizi alilazimika kuligonga kwa kisigino cha mkono. Pulchérie alieleza kuhusu karatasi na upepo. Muuguzi aliuliza kama Gisenyi imeishiwa mawe. Jioni hiyo kila rundo la hati lilikuwa na jiwe jeusi la volkano juu yake, na madirisha yalikuwa wazi, na hakuna karatasi iliyoruka. Kuhusu kikombe chenye rangi ya kucha, Drocella alisema kirudishwe chini na vingine, maana ugonjwa huu hausafiri kwa chai. Unasafiri kwa hewa ya chumba.

Kisha aliomba orodha ya wote waliokaa na mgonjwa katika hewa hiyo. Pulchérie alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari na kunakili majina kwa mwandiko wake wa ualimu: yeye mwenyewe, Mutesi, Jean de Dieu, Bahizi. Aliongeza umri na namba za simu.

"Hapana mungine?" Drocella aliuliza.

"Kila mtu anayeingia hapa yuko kwenye daftari."

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anasoma. Jina la Igor halikuwemo kwa sababu aliingia kwa ngazi za nyuma, na ndoo, kipimajoto na daftari vilikuwa kwenye mlango wa mbele. Mutesi naye alipoitwa aliulizwa maswali yaliyomhusu yeye: anakohoa, anatoka jasho la usiku, amepungua uzito? Alijibu hapana, hapana, hapana. Wote wanne walipigwa picha za kifua, na picha zote zilikuwa safi. Siku majibu yalipofika Jado alinunua soda kwa wote, na Pulchérie akaifunga faili ya jambo hilo kwa klipu.

Ijumaa ya tarehe 6 Desemba Niyonshuti alikuja na cheti cha kuruhusiwa kurudi kazini. Alikuwa amekonda, lakini hakukohoa kwenye ngazi. Hakutaka kukaa. Alisimama mbele ya meza ya Pulchérie, barakoa usoni ingawa hakulazimishwa tena, akauliza swali alilosema limemnyima usingizi.

"Chef, na Igor? Walimupima?"

Pulchérie alitazama daftari, ingawa alijua. Alipitisha kidole juu ya safu ya majina. Kisha alimwita Mutesi.

Mutesi hakushtuka. Alisema mtoto alichanjwa dhidi ya kifua kikuu siku ile aliyozaliwa, na kovu liko, kila mtu anaweza kuliona; ananyonya, anaongezeka uzito, hakohoi. Kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Bugesera kwa wakwe zake, likizo mpaka baada ya mwaka mpya, na tiketi za basi zilikuwa mkononi. Alimwita yaya, aliyekuja kumsubiri watoke pamoja, akamfungua mtoto mgongoni mwake palepale, akaonyesha mkono. Kovu lilikuwepo, dogo, la duara, limepona vizuri. Pulchérie aliligusa kwa ncha ya kidole. Namba ya Drocella ilikuwa kwenye simu yake. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, Ijumaa.

"Tarehe sita Januari," alisema. "Siku mukirudi. Mbele ya kuanza kazi, munaenda kituo."

"Sawa, Mama mukubwa."

Aliandika kwenye kalenda ya ukutani: Igor, kituo. Niyonshuti aliyasoma maandishi hayo, akaaga. Yeye ndiye aliyeleta ugonjwa. Aliona hana nafasi ya kuwaharakisha wengine.

Tarehe sita Januari Mutesi hakufika. Alituma ujumbe kwamba Igor anatapika tangu Bugesera na analala sana, na kwamba mtu wa duka la dawa amesema ni meno. Pulchérie alimjibu aende hospitali leo hii. Mutesi alisema mvua ikikatika. Tarehe saba mtoto alinyonya mara moja tu. Tarehe nane, saa kumi na moja alfajiri, jicho la kushoto liligeukia ndani, mwili ukakakamaa, na jirani mwenye gari akawakimbiza hospitali ya wilaya.

Pulchérie alifika saa moja. Daktari kijana alikuwa ameshatoa maji ya uti wa mgongo. Alieleza kwa Kifaransa, bila kuzunguka, kwamba vijidudu vya kifua kikuu vimefika kwenye utando wa ubongo. Kwamba kwa watoto wadogo hutokea hivyo, miezi miwili mitatu baada ya kuvuta hewa ya mgonjwa. Kwamba chanjo hupunguza hatari hiyo lakini haiiondoi. Na kwamba mtoto wa umri ule aliyekaa na mgonjwa hupewa dawa za kinga mara tu mgonjwa anapogunduliwa. Aliuliza kwa nini huyu hakupewa. Kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Mutesi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido na kitenge kitupu mapajani. Alisubiri daktari apotee.

"Mama mukubwa, ile siku ya kuandika majina, juu ya nini hukuandika Igor?"

"Nilinakili daftari."

"Sikuulizi daftari. Nakuuliza, ulimuwaza?"

Pulchérie alitafuta jibu lililo kweli.

"Hapana," alisema. "Saa ile, hapana."

"Ni we ulisema tumulete."

"Ndiyo."

Mutesi aliinuka akahamia benchi la pili. Baadaye, Drocella alipokuja na faili yake kujaza fomu ya pili ya watu waliokaa na mgonjwa, ni Mutesi aliyejibu maswali yote. Alisema mara mbili kwa siku, tangu Septemba, nusu saa kila mara, madirisha yamefungwa. Pulchérie aliisikia hesabu hiyo kutoka pale alipokaa, na hakuona kosa ndani yake. Yaya alipimwa siku hiyo hiyo. Alikuwa mzima.

Igor alipelekwa Kigali kwa gari la wagonjwa tarehe 11 Januari. Mutesi alipanda naye. Pulchérie aliomba kupanda. Muuguzi wa zamu alisema nafasi ni ya mtu mmoja, na Mutesi alikuwa ameshakaa, ameupa mlango mgongo.

Mwishoni mwa mwezi huo vita vilifika Goma. Tarehe 27 mabomu yalianguka hadi upande wa Gisenyi na mpaka ukafungwa. Malori yalisimama foleni na baadaye yakageuza. Ofisi ilibaki imefungwa siku kadhaa, na ilipofunguliwa hapakuwa na hati hata moja ya kuwasilisha. Niyonshuti, aliyeongezewa mkataba, alikaa mbele ya kompyuta na kode yake, akameza vidonge vyake saa nne kamili, akatazama skrini. Jado aliacha kutania. Kwenye kalenda maandishi ya tarehe sita yalikuwepo bado, na Pulchérie hakuyafuta wala kuugeuza ukurasa. Bahizi ndiye aliyeugeuza Jumatatu ya kwanza ya Februari.

Mtoto alirudi Gisenyi tarehe 3 Machi. Alikuwa hai. Jicho lilikuwa limerudi mahali pake, alinyonya, alishika vitu kwa mikono yote miwili. Dawa zingeendelea hadi mwakani. Mutesi alimtumia Pulchérie ujumbe wa maneno sita kwamba siku ya kliniki angehitaji mtu wa kubeba mkoba, na katika maneno hayo hakumwita kwa jina lolote.

Kliniki ilikuwa Ijumaa ya tarehe 14. Drocella alimpima Igor uzito, akahesabu vidonge vilivyobaki, akatazama macho kwa tochi. Mutesi alisema kuna jambo moja la kuuliza, kwamba usiku akimwita mtoto gizani hatulii mpaka amguse. Drocella aliweka tochi chini. Alimwomba Mutesi amkalishe Igor mapajani bila kusema kitu, na Pulchérie ampe kitu cha kushika mbele. Pulchérie alichuchumaa akampa kamba ya mkoba. Igor aliivuta kwa mikono miwili, akaitia mdomoni.

Drocella alizunguka nyuma ya kiti akapiga makofi. Mtoto aliendelea kutafuna kamba. Alisogea sikio la kulia akapiga tena, kisha la kushoto, karibu kiasi kwamba nywele za mtoto zilitikisika kwa upepo wa viganja. Pulchérie, aliyekuwa uso kwa uso naye, hakuona hata ukope kucheza.

Saa nne na dakika kumi na mbili Drocella alikaa mezani akaandika kwenye kadi kwamba mtoto hageukii sauti.